Mwanaanga wa Kibanda Umiza

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa limepelekwa kukarabatiwa, na hadi litakaporudi tumeombwa tuiite Nchi. Hatuna neno na hilo. Sisi ni watu wa amani, tunapenda viongozi wetu, na baada ya viongozi tunapenda tamthilia. Mimi naitwa Siwema. Sina elimu ya kuzungumzia mambo ya serikali, kwa hiyo hapa nitazungumzia tamthilia moja tu, Watu wa Chombo, na jinsi nilivyoipokea sehemu baada ya sehemu. Ikitokea serikali imepita katikati ya maelezo yangu, ijulikane kwamba imejipitisha yenyewe.

Mume wangu Mbaruku alikuwa na kibanda umiza nyuma ya soko la ndizi. Bati juu, maturubai pembeni, mabenchi ya mbao yenye misumari inayochana suruali za watu, televisheni moja, na jenereta lenye kikohozi. Mimi nilikaa mlangoni nikiuza karanga na kupokea wageni. Filamu zote zilitoka nje, lakini hakuna aliyewahi kusikia lugha ya nje ndani ya kibanda chetu. Mbaruku alikuwa DJ. Alishusha sauti ya waigizaji wenyewe, akashika maiki, akawasemea wote papo kwa papo kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, wazee, wanawake, mizimu na hata mbwa. Majina yao aliyatupa akawapa mengine aliyoona yanawafaa. Watu hawakusema wanakwenda kutazama filamu ya nje. Walisema, "Tunakwenda kutazama filamu ya Mbaruku."

Alikuwa na tabia moja mbaya. Kwa kuwa filamu alizitazama mchana kabla yetu, alijua nani atakufa, na hakuweza kuvumilia. Mtu yuko kwenye picha anakunywa chai yake, hana habari, mara unamsikia Mbaruku kwenye maiki, taratibu, "Pole, kaka." Hapo tukajua kaka hamalizi ile chai. Kitwana mshona viatu, ambaye benchi la mbele lilikuwa kama la urithi wake, aliruka juu kila mara: "DJ, unatumalizia utamu!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilimwambia mume wangu aache. Akanijibu, "Mke wangu, mtu anakwenda kufa, hata pole asipewe?"

Sasa hiyo Watu wa Chombo. Katika sehemu ya kwanza tulioneshwa chombo cha anga kikubwa kama mji, kimebeba watu waliohama dunia iliyoharibika wakienda kwenye sayari mpya yenye mito na kivuli. Waliopanda mwanzo walishakufa siku nyingi. Waliobaki ni wajukuu, na kila asubuhi nahodha anasimama mbele yao anawatangazia kwamba wamekaribia kufika, ila wakaze mkanda kidogo. Nahodha huyo Mbaruku alimwita Mzee Kofia, kwa sababu alivaa kofia. Ni kweli Baba wa Kudumu, mkuu wa Nchi yetu, naye huvaa kofia, lakini ya kwake ni ya manyoya, hata mwezi wa joto, na ya nahodha ni ya kitambaa. Mtu mwenye macho yake hawezi kuwachanganya.

Mimi sehemu ile ya kwanza niliipokea kwa machozi. Niliwaonea huruma wale wajukuu walioambiwa wamekaribia tangu enzi za bibi zao. Nikajisemea moyoni, huko angani kuna watu wanateseka kweli, afadhali sisi.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoleta mambo. Mle chomboni kulikuwa na mwanamke fundi wa mitambo ya hewa, Mbaruku akamwita Fundi Tatu. Siku hiyo Fundi Tatu alikwenda kufuta vumbi kwenye dirisha kubwa, akasugua kwa nguvu, na nyota moja ikatoka na kitambaa. Zile nyota zilikuwa rangi. Chombo kilikuwa kimesimama miaka na miaka, na madirisha yote yamepakwa anga. Akapiga kelele, watu wakakusanyika, na Mzee Kofia akapanda jukwaani. "Ndugu abiria," Mbaruku akasema kwa sauti nzito ya tumboni, "chombo kinakwenda. Asiyesikia mwendo ana matatizo ya masikio."

Tulicheka hadi benchi la pili likavunjika. Kwa bahati mbaya, wiki hiyohiyo Waziri wa Nishati alikuwa amelieleza taifa kwamba umeme upo, na asiyeuona ana matatizo ya macho. Hakuna aliyemcheka Waziri. Hotuba yake tuliisikiliza kwa heshima zote, kwenye redio za betri.

Kesho yake akaja Mkurugenzi Mandari wa Idara ya Utulivu wa Watazamaji. Alikuja na watu wawili waliombebea kiti chake, maana makalio ya serikali hayakai kwenye benchi la umma. Nikampa karanga. Akazipokea, akazila, akamtazama mume wangu.

"Bwana Mbaruku, kwa nini umemfanya nahodha kuwa mwongo?"

"Si mimi, mkuu. Ndivyo alivyo kwenye filamu."

"Filamu ya nani?"

Benchi la mbele, kwa nia njema kabisa, wakamsaidia kwa sauti moja: "Ya Mbaruku!"

"Umesikia," Mkurugenzi akasema.

"Mimi natafsiri tu, mkuu. Filamu wametengeneza wenyewe huko kwao. Picha zimeshapigwa, waigizaji wamesharudi majumbani kwao."

Mkurugenzi akatabasamu kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto. Tangu azaliwe, yeye naye alikuwa hajasikia filamu isipokuwa kwa mdomo wa DJ, na kichwani mwake DJ ndiye aliyeifanya, ndiye aliyewapa watu wale maneno na tabia zao. Kibanda kizima hakuna aliyeona ajabu. "Bwana Mbaruku, barabara ya uwanja wa ndege nayo ilishajengwa, na kila mwaka Baba wa Kudumu anaizindua upya. Katika Nchi hii hakuna jambo lisilorekebishika. Wiki ijayo nataka nahodha awe mtu mwema."

Namjua mume wangu. Alijaribu. Katika sehemu ya nne askari wa chombo walimkamata Fundi Tatu, wakamvuta koridoni, na Mzee Kofia mwenyewe akafungua mlango wa nje kwa mkono wake ili wamtupe kwenye anga tupu bila vazi la anga. Mkurugenzi Mandari alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale pembeni. Kwenye picha Fundi Tatu anapiga mateke na kuuma watu. Kwenye maiki jasho linamtiririka Mbaruku, anasema, "Hapa nahodha anampongeza fundi kwa kazi nzuri. Anamwambia, umechaguliwa, unakwenda masomoni nje."

Halafu, kwa sauti ndogo, ile tabia yake ikamtoka. "Pole, dada."

"DJ, unatumalizia utamu!" akaruka Kitwana.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walilia, walikumbatiana, mmoja alitoka nje kutafuta pumzi. Mimi mwenyewe nilicheka, nasema kweli, nilicheka hadi karanga zikamwagika. Nilipoinua macho, Mkurugenzi alikuwa ameshasimama na watu wake wamekunja kiti. Wakamchukua Mbaruku na maiki yake mkononi, na waya ukakatika pale kwenye spika.

Nilikwenda Idarani asubuhi. Nikakaa kwenye foleni ya wanawake wenzangu, kila mmoja na chakula chake kwenye kitambaa. Mkurugenzi alinipokea vizuri, akaniagizia chai.

"Hongera, Bi Siwema. Mume wako amekwenda masomoni nje."

Yalikuwa maneno ya Mbaruku mwenyewe, yale aliyoyatunga jana yake kwa hofu. Wameyapenda wakayachukua.

"Nje wapi, baba?"

"Nje."

"Nje nchi gani?"

"Nje kabisa," akasema, akanisogezea sukari.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilizunguka kwenye balozi zote zilizopo mjini, kuanzia zenye bustani hadi ile iliyo juu ya duka la magodoro. Kote nikajibiwa kwa adabu kwamba hawana mtu huyo. Baada ya hapo wakaanza wao kuiuliza serikali, na serikali ikawa na mwanafunzi asiye na nchi ya kusomea. Ilibidi itafutwe sehemu isiyo na ubalozi. Wataalamu walikaa kikao, wakala kuku, na Jumatatu Baba wa Kudumu akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo vibaraka wanaosema Nchi yetu haina umeme. Nawauliza, angani kuna nguzo ngapi za umeme? Hakuna hata moja! Na nyota zinawaka! Basi tumeamua kwenda huko tukajifunze wanafanyaje. Nina furaha kuwatangazia mwanaanga wetu wa kwanza, kijana wetu mzalendo, Mbaruku wa kibanda umiza."

Redio ilikuwa sokoni kwa muuza ndizi. Watu wote wakanigeukia. Hakuna aliyejua afanye uso wa namna gani, na mimi sikuweza kuwasaidia.

Roketi ilijengwa uwanja wa mpira. Wenye midomo walisema ni bomba la moshi la kiwanda cha saruji kilichokufa, limepakwa chokaa. Mimi sikusema kitu, ila kiwanda kilikuwa hakina tena bomba. Siku ya kuruka niliketishwa mstari wa mbele, nimevishwa kitenge chenye picha ya mume wangu amevaa helmeti ya bodaboda. Mwanaanga akatoka, mavazi meupe, kioo cheusi usoni, akatupungia. Alikuwa mrefu. Mbaruku akisimama kichwa chake kinanifika begani.

"Mafunzo yamemrefusha," Mkurugenzi Mandari akaninong'oneza kabla sijafungua mdomo.

Mtu yule akaingia ndani ya bomba. Nyuma ya uzio wakachoma matairi, moshi ukapanda, bendi ikapiga, na tukaamriwa tufumbe macho tusiumizwe na mwanga mkali. Tulipofumbua, bomba lilikuwa limefunikwa turubai. Ndivyo Nchi yetu ilivyokwenda angani bila kutumia hata lita moja ya mafuta, jambo ambalo mataifa makubwa hadi leo yanalionea wivu.

Ikatungwa Sheria ya Kupunga. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, kila raia atoke nje ainue mkono ampungie mwanaanga kwa muda wa heshima. Nilipunga. Nilisimama uani kwangu na mkono juu, nikipungia kitu nisichokijua kiko wapi, huku jirani zangu wakinitazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa na hasira hata mkono ulitetemeka. Mjumbe wa nyumba kumi alipita akaniandika kama mpungaji bora wa mtaa.

Kuhusu tamthilia, serikali ilionesha ukomavu. Haikuipiga marufuku. Ilitangaza kwamba Watu wa Chombo sasa ni mali ya umma, itaoneshwa na Televisheni ya Taifa, na itatafsiriwa na Sauti ya Taifa. Sauti hiyo ilipitishwa kwenye mashine iliyoondoa mtu ndani yake, ikabaki kama mlio wa bati linaloburuzwa. Vibanda vyote vikaagizwa kufunguliwa, na kila kibanda kikapewa Kiongozi wa Makofi. Wa kwetu alikuwa kijana mwenye filimbi, mpole, mwenye njaa. Nilimpa karanga.

Sehemu ya tano niliipokea kwa chuki, sifichi. Nilikaa mlangoni na mgongo nimeigeuzia televisheni. Nasikia tu lile bati: "Abiria wanafurahia huduma." Nikageuka kidogo, naona abiria wanapigana kugombania maji. "Nahodha anatembelea wagonjwa." Naona nahodha anakanyaga watu waliolala. Filimbi ikalia, tukapiga makofi.

Kisha ikaja picha ya mtoto mmoja wa kiume wa chomboni, mchangamfu, anakimbia na mpira kuelekea chumba ambacho hewa yake imefungwa. Anacheka. Bati likasema, "Watoto wanashiriki michezo." Likanyamaza. Halafu likasema, taratibu, "Pole, mwanangu."

"DJ, unatumalizia utamu!"

Kitwana alikuwa amesimama, kidole juu, kama zamani. Ilimchukua muda kuelewa alichokisema. Akakaa chini pole pole na mkono mdomoni. Kwenye picha mlango ukajifunga, mpira ukarudi peke yake ukidunda. Hakuna aliyeutazama. Wote walikuwa wamenigeukia mimi.

Yuko hai. Yuko hai, wamemweka kwenye chumba fulani na maiki na karatasi ya kusoma, na ile tabia yake mbaya wameshindwa kuitoa. Kiongozi wa Makofi alipuliza filimbi, na sisi tukapiga makofi ambayo hakuyategemea. Tulipiga hadi viganja vikauma, na yule kijana akatuandikia sifa.

Kuanzia siku ile nikawa shabiki kuliko wote. Sehemu ya sita nilikaa benchi la mbele, Kitwana akanisogezea nafasi. Nitasema jambo ambalo si zuri. Nilikuwa naomba watu wa chombo wafe. Nilikuwa nimewapenda, nilijua majina yao na watoto wao, na bado nilikaa pale nikiomba mtu adondoke, anyongwe, akose hewa, ili nimsikie mume wangu. Sehemu ya saba alikufa mmoja tu nikarudi nyumbani nimenuna. Sehemu ya nane chakula kilikwisha chomboni na wakafa wengi, na Mbaruku akampa pole kila mmoja, kaka, dada, bibi, mjomba. Nililala nikitabasamu. Hivyo ndivyo Nchi yetu ilivyonifundisha kutazama tamthilia.

Sehemu ya mwisho ilitangazwa kwa mbwembwe. Mkurugenzi Mandari alikuja na kiti chake, akaketi karibu nami, akaniuliza hali ya familia ya mwanaanga. Nikamwambia tunapunga.

Ilikuwa sehemu nzuri. Abiria waliobaki walichoka. Hawakupiga kelele wala hawakumgusa Mzee Kofia. Walichukua vitambaa, ndoo na vijiko, kila mtu akaenda kwenye dirisha lililo karibu naye akaanza kusugua. "Abiria wanashiriki siku ya usafi," likasema bati. Rangi ikawa inatoka kwa mapande. Nyuma yake kulikuwa na anga lenyewe, jeusi, kubwa, na nyota nyingi kuliko zile za kuchorwa. Watu wa chombo wakasimama wakazitazama, wazee kwa watoto. Hakuna aliyekuwa hatarini. Nilikitazama kila chumba, kila kona ya ile picha, na hakukuwa na mtu wa kufa.

"Pole," sauti ikasema.

Nikangoja iseme kaka au dada. Kitwana naye alikuwa ameinua kichwa.

"Pole, Siwema."

Ikasikika purukushani, kitu kikaanguka, halafu kimya. Nyota zikaendelea zenyewe kwa muda, bila maneno. Kisha akaja mwanamke mwenye sauti nyororo akasema tamthilia imekwisha na kwamba Nchi inawatakia watazamaji jioni njema. Kiongozi wa Makofi alikuwa na filimbi mdomoni, hakuipuliza. Kitwana hakulalamika kwamba amemaliziwa utamu. Aliinama akawa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Asubuhi redio ikatangaza. Mwanaanga wetu, kwa hiari yake mwenyewe na kwa mapenzi ya taifa, ameomba asirudi, aendelee na safari hadi nyota za mbali zaidi, na serikali imemkubalia. Familia inapongezwa. Kwa kuwa mwanaanga yu hai na anasonga mbele, ni marufuku kuweka msiba, kulia, kutandika mikeka au kutamka neno lolote isipokuwa hongera.

Walianza kuja kabla chai haijachemka. Muuza ndizi, wanawake wa ile foleni ya Idarani, watu wa mabenchi yote. Wakavua viatu mlangoni. Mikeka hatukutandika, wakakaa kwenye udongo, wanawake ndani, wanaume uani. Kila aliyeingia aliniinamia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemjaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hongera, Bi Siwema." Nami nikajibu, "Nimeshapongezeka." Kitwana alifika amebeba kandambili za Mbaruku alizokuwa amepelekewa azishone tangu kabla ya mambo yote haya. Alikuwa amezishona vizuri. "Hongera, shemeji," akasema, akaziweka mlangoni.

Mkurugenzi Mandari akatokea jioni, wakati wa kupunga. Leo kiti hakikubebwa. Akasimama uani, akatutazama tulivyokaa.

"Hapa kuna nini?"

"Sherehe, mkuu," Kitwana akajibu.

"Mbona yule mama analia?"

"Furaha, mkuu."

Akatutazama tena mmoja mmoja, akitafuta kosa. Masikio yake hayakusikia lolote ila hongera. "Basi saa ya kupunga imefika," akasema. "Nyanyukeni mumpungie mwenzenu."

Tukanyanyuka. Kitwana akasogea mbele, akaanza Fatiha midomo ikicheza bila sauti, na uani pote tukainua mikono, yote miwili, viganja wazi mbele ya nyuso zetu. Hatukuipunga. Mkurugenzi Mandari aliipitia mikono ile kwa macho, akatikisa kichwa kukubali, akasema ni vizuri, ila tuiinue juu kidogo ili mwanaanga aione.

Tukaiinua.